Kupinda Kingo za Vipande vya Zulia: Kazi ya Mkono Inayoweza Kukuingizia Fedha

Katika masoko ya kambi na ya vijiji vya jirani huuzwa vipande vya zulia. Wengine huita kapeti, na wengi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda huita tapi. Vipande hivi ni mabaki. Maduka ya mjini huuza zulia kwa kulikata kutoka kwenye roli kubwa, na mwisho wa roli hubaki kipande ambacho hakimtoshi mteja. Vingine hutoka katika ofisi na hoteli zinapobadilisha mazulia yake. Bei yake ni ndogo, na ndiyo maana akina mama na vijana wengi huvinunua ili wavikate na kuviuza kama mazulia madogo ya kuweka mbele ya kitanda au mlangoni.

Tatizo ni ukingo. Zulia lililokatwa kwa kisu halina pindo. Baada ya wiki chache za kukanyagwa na kufagiliwa, nyuzi za pembeni huanza kutoka, kitambaa cha chini hufumuka, na mtoto akivuta uzi mmoja mstari mzima huondoka. Mnunuzi hurudisha zulia au hanunui tena kwako. Kwa hiyo kumbuka jambo moja kabla ya mengine yote: mnunuzi akilipa zaidi ya bei ya kipande, analipia ukingo. Ukiuza kipande bila kukipinda, unauza tu ulichokinunua.

Karatasi hii inaeleza jinsi ya kupinda ukingo kwa mkono, bila umeme na bila mashine. Soma yote kwanza, kisha anza na kipande kidogo cha kujifunzia.

ONYO: USICHOME UKINGO KWA MOTO

Watu wengine huyeyusha ukingo kwa mshumaa, kwa kibatari au kwa kisu kilichopashwa moto. Nyuzi za plastiki huyeyuka, zikaganda, na kwa siku ya kwanza ukingo huonekana umeshikamana. Tunakushauri usifanye hivyo, kwa sababu tatu.

Kwanza, nyumba zetu nyingi zina turubai, nyasi au miti, na zimejengwa karibu karibu. Tone la plastiki inayowaka haliwi kama cheche ya kuni. Hunata mahali lilipoangukia na kuendelea kuwaka. Nyumba moja ikishika moto, jirani naye yumo hatarini.

Pili, moshi wa zulia linaloungua una sumu. Huumiza macho na kifua, hasa cha watoto wadogo na cha wenye ugonjwa wa pumu.

Tatu, ukingo ulioyeyushwa haudumu. Huwa mgumu, hukwaruza miguu, kisha hupasuka na kufumuka upya. Utakuwa umehatarisha nyumba kwa kazi ya wiki chache.

KULITAMBUA ZULIA LAKO

Geuza kipande uangalie upande wa chini kabla ya kununua. Kuna aina tatu utakazokutana nazo mara nyingi.

1. Zulia lililodungwa nyuzi. Hili ndilo lililo jingi. Nyuzi za juu zimedungwa kwenye kitambaa, zikashikwa kwa gundi ya mpira, kisha kitambaa cha pili kikabandikwa chini. Ukiona chini kitambaa chenye matundu matundu kama gunia, au sponji, ni aina hii. Nyuzi zake zinashikwa na gundi tu, kwa hiyo ukingo lazima upakwe gundi kabla ya kushonwa.

2. Zulia lililofumwa. Upande wa chini unaonyesha mchoro uleule wa juu, na nyuzi zinapitana kama katika mkeka au kitambaa. Hili hufumuka upesi likikatwa, lakini hushoneka vizuri na ni imara.

3. Zulia la kugandamizwa. Halina manyoya, linafanana na blanketi gumu. Halifumuki kwa urahisi. Pindo lake ni kwa ajili ya urembo na kulinda pembe.

Usinunue kipande ambacho sponji yake ya chini inavunjika kama unga. Gundi yake imekufa na hakuna mshono utakaokiokoa. Kunja kidogo kona moja: ikitoa unga au ikipasuka, kiache. Nusa pia. Zulia lenye harufu ya uvundo limelowa na kuoza ndani.

Kipande kilichokwisha kutumika kikung'utwe nje kwa fimbo, mbali na watoto, ukiwa umefunga kitambaa puani. Kisha kianikwe juani siku mbili au zaidi, kikigeuzwa pande zote. Angalia kunguni katika mikunjo na upande wa chini. Usikiingize ndani kabla ya kuhakikisha kuwa ni safi.

Mnaoishi katika kambi ambazo hamruhusiwi kutoka bila kibali, msiende mjini kufuata vipande kabla ya kupata kibali hicho. Faida ya zulia moja haitoshi kulipa hasara ya kukamatwa njiani. Ni afadhali watu kadhaa waungane na kumwagiza mfanyabiashara anayeleta bidhaa sokoni.

VIFAA

- Kisu chenye makali, au wembe wa kukatia uliofungwa kwenye mpini.
- Ubao ulionyooka, chaki na futi ya fundi cherehani.
- Shazia, yaani sindano kubwa ya kushonea magunia.
- Uzi mnene: uzi wa nailoni wa kushonea viatu au uzi wa magunia. Kwa njia ya pili utahitaji uzi wa sufu wa kufumia.
- Kipande cha nta au mshumaa cha kupaka kwenye uzi ili upite kwa urahisi na usijisokote. Mshumaa huu hauwashwi.
- Subana ya kulinda kidole. Ukikosa, funga kidole kwa kipande cha ngozi au mpira.
- Gundi ya mpira, au gundi nyeupe ya maseremala.
- Kitambaa kigumu cha pamba: turubai la pamba, jinzi kuukuu au mabaki ya sare za shule. Kitenge kinafaa kikikunjwa mara mbili.

Usikate turubai ulilopewa la kujengea nyumba. Mvua itakapokuja utalihitaji.

KUKATA NA KUNYOOSHA

Mfano wetu ni zulia la sentimita 120 kwa 60.

Laza kipande kifudifudi, upande wa chini ukiwa juu. Chora mistari kwa chaki. Kata kutoka upande huu wa chini, kwa sababu ukikata kutoka juu utayakata na manyoya, na ukingo utakuwa na mapengo. Weka ubao kwenye mstari, bonyeza kwa goti, pitisha kisu mara mbili au tatu polepole. Kisu kiende mbali na mwili wako na mbali na mkono unaoshika ubao.

Ili ujue kuwa pembe zimenyooka, pima kutoka kona hadi kona inayoikabili, kisha pima kona nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, zulia halikupinda. Kwa zulia la mfano wetu kila kimoja kitakuwa karibu sentimita 134. Zulia lililopinda huonekana mara linapowekwa kando ya kitanda, na mnunuzi ataliona kabla yako.

KUPAKA GUNDI

Paka gundi kwenye unene wa ukingo uliokatwa, na sentimita 1 kuingia upande wa chini. Tumia kijiti kuisukuma ndani kati ya nyuzi. Usiifikishe kwenye manyoya ya juu. Acha zulia kivulini lilale usiku mzima. Ukishona gundi ikiwa mbichi, sindano itanata na uzi utachafuka.

Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa. Itatosha kuzishika nyuzi wakati unashona, lakini baadaye mshono ndio utakaobeba kazi. Gundi ya viatu inashika sana, ila mvuke wake unawaka moto na unalevya. Itumie nje tu, mbali na jiko na sigara. Funga kopo, ulifiche mahali watoto na vijana hawafiki.

NJIA YA KWANZA: KUPINDA KWA KITAMBAA

Hii ndiyo njia tunayoishauri kwa anayeanza. Ni rahisi, na mabaki ya nguo yanatosha.

1. Fua kitambaa kwanza na ukikaushe. Kitambaa kisichofuliwa kitanywea baadaye na kulifanya zulia likunjamane. Kama kinatoa rangi, ni heri uijue sasa kuliko kwa mnunuzi.

2. Kata mikanda minne yenye upana wa sentimita 8. Miwili iwe na urefu wa sentimita 120 kwa pande ndefu. Miwili iwe na sentimita 64 kwa pande fupi, yaani 60 za zulia na 2 za kukunja kila mwisho. Kitambaa chenye upana wa sentimita 120 ukikikata sentimita 35 kitatosha mikanda yote.

3. Kwa mkasi, punguza manyoya ya zulia kwenye sentimita 1 na nusu ya pembeni, ili kitambaa kilale vizuri.

4. Anza na upande mrefu. Laza mkanda juu ya zulia, uso wa kitambaa ukitazama manyoya, ncha ya mkanda ikilingana na ukingo wa zulia.

5. Shona sentimita 1 na nusu kutoka ukingoni. Tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano ikitokea mbele, irudishe nyuma nusu ya hatua, kisha iende mbele tena. Mshono huu ukikatika mahali pamoja haufumuki wote. Hatua ya sentimita 1 inatosha. Hakikisha sindano inapita hadi kitambaa cha chini. Mshono ulioshika manyoya peke yake haujashika kitu.

6. Geuza mkanda, uvushe ukingo hadi upande wa chini na uuvute ukaze. Kunja ndani sentimita 1 ya mwisho, kisha ushone kwenye kitambaa cha chini kwa mishono mifupi ya kukunga. Upande wa chini utabaki na pindo la karibu sentimita 3.

7. Fanya hivyo upande mrefu wa pili. Kisha shona pande fupi. Ule mwisho wa sentimita 2 uukunje ndani ili kona isiwe na ncha wazi. Kila kona iongezewe mishono mitatu au minne, maana kona ndiyo inayochoka kwanza.

Kama zulia ni la duara au lina kona za mviringo, kata mikanda kwa mshazari, kutoka kona hadi kona ya kitambaa. Mkanda wa mshazari hunyooka na kufuata mviringo bila kukunjamana.

NJIA YA PILI: KUZUNGUSHIA UZI

Hapa ukingo wote hufunikwa kwa uzi wa sufu, kama pindo la blanketi. Kazi hii hupendeza zaidi, lakini inakula uzi na muda.

Tunga shazia kwa uzi usiozidi urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Anza katikati ya upande, si kwenye kona. Choma sindano kutoka chini, sentimita 1 kutoka ukingoni, itokee juu, uzungushe uzi juu ya ukingo, uchome tena palepale kando ya mshono wa kwanza. Mishono ikaribiane hadi zulia lisionekane. Vuta kwa nguvu sawa: ukivuta sana ukingo utajikunja, ukilegeza watoto wataingiza vidole. Kwenye kona, choma mara tatu katika tundu moja na uzipanue nyuzi kama upepeo.

Kabla ya kununua uzi, shona sentimita 10 za ukingo kwanza na upime uzi uliotumika. Zulia la mfano lina ukingo wa sentimita 360, yaani mara 36 ya hizo 10. Zidisha, uongeze kidogo, ndipo uende sokoni. Wengi huishiwa uzi upande wa nne na kukuta rangi ile haipo tena.

NJIA YA TATU: MATAMVUA

Njia hii ni ya zulia lililofumwa tu. Katika pande mbili fupi, chomoa nyuzi za kukingama hadi zibaki zile za urefu, sentimita 5 hivi. Zikusanye nyuzi nne nne au sita sita na uzifunge fundo lililobana kwenye ukingo. Pande ndefu zipindwe kwa kitambaa au uzi. Usijaribu njia hii kwa zulia lililodungwa nyuzi, maana utaliharibu.

JE, CHEREHANI INAFAA?

Cherehani ya nyumbani hushona mikanda na kuunganisha vitambaa vizuri. Lakini zulia nene huvunja sindano, na kipande cha sindano kikiruka kinaweza kuumiza jicho. Kama zulia ni jembamba, tumia sindano nene na uzungushe gurudumu kwa mkono. Mashine ya kikundi isijaribiwe kwa zulia bila ruhusa ya wenzako. Ikiharibika, watu wote wamepoteza kazi.

HESABU YA KAZI

Shilingi zilizo hapa ni za mfano wa hesabu tu. Weka bei za soko lako.

Umenunua kipande kwa shilingi 400. Kitambaa 100, uzi 50, gundi 50. Jumla umetumia 600. Ukiliuza zulia lililopindwa kwa 1,000, unabaki na 400, nayo ndiyo ujira wa mikono yako. Kama kazi imechukua siku mbili, umepata 200 kwa siku.

Sasa tazama aliyeuza kipande hichohicho bila kukipinda kwa 550. Amepata 150 siku hiyohiyo, na anaweza kuona kuwa amekuwa mwerevu. Lakini zulia likirudishwa baada ya mwezi, na akalazimika kurudisha fedha, amebaki na kipande kilichofumuka kisicho na mnunuzi. Kwa mama ambaye shilingi 400 ndizo mtaji wake wote, huo ndio mwisho wa biashara.

Andika matumizi yako kwenye daftari, hata uzi. Usianze na vipande kumi. Anza na kimoja, kiweke nyumbani kwako mlangoni, kikanyagwe wiki mbili. Kikibaki kizima, una kitu cha kumwonyesha mnunuzi.

KULITUNZA ZULIA

Mweleze mnunuzi mambo haya, na wewe uyafuate.

- Sakafu ya udongo hutoa unyevu hata wakati wa kiangazi. Inua zulia kila wiki, ulianike juani, ufagie chini yake.
- Likilowa mvua, lisikunjwe. Litandikwe kwenye kamba au miti hadi likauke kabisa pande zote mbili.
- Lisiwekwe karibu na jiko wala mafiga. Cheche moja inatosha.
- Kwenye sakafu ya saruji zulia huteleza. Shonea chini yake vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kwenye kona zote nne, ili wazee na wajawazito wasianguke.
- Uzi ukijitokeza, usiuvute. Ukate kwa mkasi.
- Mshono ukikatika, ushone siku hiyohiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI

Sina gundi ya aina yoyote. Je, niache kazi? Hapana. Shona mstari mmoja wa kurudi nyuma kuzunguka zulia, sentimita 1 kutoka ukingoni, mishono ikiwa mifupi. Kisha pinda kwa kitambaa kama ilivyoelezwa. Ni kazi ndefu zaidi, lakini itashika.

Nina vipande vidogo vidogo. Vifanyeje? Viunganishe. Vipange kifudifudi vikiguseana, ushone kutoka upande wa chini, kisha ubandike na kushonea mkanda wa kitambaa juu ya kila kiungo. Chagua vipande vya unene mmoja, na manyoya yote yalale upande mmoja. Viungo vikiwa na unene tofauti, mtu atajikwaa.

Kingo za zulia langu zinanyanyuka. Kosa ni nini? Mara nyingi umevuta uzi kupita kiasi au kitambaa hakikufuliwa. Legeza pindo upande ule, ulaze zulia kifudifudi chini ya mzigo kwa usiku mmoja, kisha ushone upya.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma karatasi hii usiifungie sukari. Mpe jirani, au wasomee wasiojua kusoma. Mwenye shazia moja na anayejua kuitumia anaweza kuwafundisha watu watatu kwa alasiri moja, chini ya mti, kila mmoja akiwa na kipande chake mkononi.